Ziba Twende, Lakini Twende Wapi?

Wenye magari wa Dar es Salaam hawakubaliani juu ya mengi. Watagombana kuhusu Simba na Yanga, kuhusu aina ya oili, kuhusu njia ya kukwepa foleni ya Mwenge. Lakini ipo imani moja inayowaunganisha wote, bosi mwenye dereva wake na kijana wa teksi ya mtandaoni: pancha ni pancha. Fundi akichomeka kamba, upepo ukakaa, kazi imekwisha. Ziba, twende. Anayekushauri ununue tairi jipya ama ni muuza matairi, ama ni mtu ambaye pesa zinamwasha mfukoni.

Nitaieleza imani hii kwa haki, maana haikuzuka hewani. Tairi jipya la gari dogo linameza sehemu nene ya mshahara wa mwalimu, na magurudumu ni manne. Kuziba ni shilingi elfu chache na dakika kumi chini ya mwembe. Wauza matairi nao hawajapata kusifika kwa kumrudisha mteja nyumbani na pesa zake: unaingia na msumari mmoja, unatoka na matairi mawili, balansi na alaimenti. Wapo watu wenye kamba tatu kwenye tairi moja tangu mwaka juzi. Wamekwenda Mwanza, wamerudi, na wako hai kutoa ushuhuda. Juu ya yote, tumelelewa na methali ya ufa na ukuta, na hakuna anayetaka kujenga ukuta kwa kuwa alidharau ufa. Tena sehemu ya imani hii ni kweli tupu: msumari wa kawaida uliozama katikati ya kashata za tairi zima unazibika, na kulitupa tairi hilo ni israfu.

Kwa hiyo kuziba hakunikeri. Kinachonikeri ni namna watu wanavyoamua: wakiwa wamesimama nje ya tairi, mkono kiunoni, wakitazama tundu na kuuliza bei. Habari zote za kuamua kama tairi lizibwe au liagwe ziko ndani yake, na ziba-twende ina sharti moja kuu lisilotamkwa, kwamba pasiwe na mtu wa kuchungulia humo. Ukuta wa nyumba, hata ukiwa na ufa, haukimbii kilomita 100 kwa saa ukiwa umebeba watoto.

Tuzichukue hoja zao moja moja.

1. "Upepo umekaa, kwa hiyo limepona"

Hii ndiyo hoja mama, na ndiyo iliyooza kuliko zote.

Tairi la kisasa ni tabaka juu ya tabaka. Ndani kabisa kuna utando mwembamba wa mpira usiopitisha upepo. Juu yake zimelazwa nyuzi zinazotoka mdomo mmoja wa tairi hadi mdomo wa pili, zikipita ubavuni. Juu ya nyuzi hizo, chini ya kashata, kuna mikanda ya nyaya nyembamba za chuma. Utando kazi yake ni kuzuia upepo usitoke. Nyuzi na nyaya ndizo zinazoubana upepo huo ubebe gari. Upepo ukikaa, umepata habari za utando peke yake. Nyuzi na nyaya hakuna aliyeziuliza.

Sasa njoo kwenye sentensi ambayo kila fundi wa pancha anaisikia kutwa: "Nilisogea kidogo tu." Kila mtu aliyepata pancha amesogea kidogo tu. Alikuwa Barabara ya Mandela, malori yanampigia honi kwa nyuma, hapa giza, pale vibaka, akasogea hadi kituo cha mafuta. Simlaumu kwa kusogea. Namlaumu kwa kusahau alichokifanya mara tu baada ya kuzima gari. Tairi lisilo na upepo linabeba gari kwa ubavu, na ubavu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Unakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, na tairi la gari dogo linazunguka zaidi ya mara 500 kwa kilomita moja. Mkunjo unazaa joto, joto linaachanisha mpira na nyuzi, nyuzi zinachoka. Kwa nje utaona, labda, mstari hafifu unaozunguka ubavu, nao kijana wa kuosha magari akipita na brashi haupo tena.

Ushahidi umebaki ndani. Mwambie fundi alitoe tairi kwenye rimu, alisimamishe, halafu aligongegonge juu ya sakafu ya saruji. Tairi lililosogea kidogo tu huwa linamwaga unga na chenga nyeusi za mpira. Hizo chenga ndizo ubavu wenyewe, umesagwa. Pitisha kiganja: utando uliotakiwa kuwa laini unakwaruza, una mikunjo inayolizunguka tairi lote, na pengine nyuzi zimeanza kuchungulia. Tairi la namna hiyo ukiliziba tundu na kulijaza, litakaa na upepo wiki nzima bila kulalamika. Halafu siku moja mko njiani kuelekea Chalinze, jua la saa nane, gari limejaa watu na magunia, ubavu unafunguka kwa mpigo mmoja. Habari itasema chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi la mbele. Haitasema kwamba tairi hilo lilianza kupasuka Tabata, wiki kadhaa nyuma, na kwamba kuna mtu alilipwa kulifunika.

Hapo sijataja maji. Tundu linapopita kwenye nyaya za chuma na kuzibwa kienyeji, mvua za masika zinapata mlango. Maji yanapenya na kutambaa kwenye nyaya, kutu inaanza, mpira unaachia chuma pole pole. Dalili yake ni mtetemo kwenye usukani na uvimbe mdogo kwenye kashata, na mwenye gari, mtu wa kubana matumizi, anakwenda kulipia balansi. Mwezi unaofuata anailipia tena. Ukizijumlisha balansi hizo utakuta pesa aliyookoa kwa kamba imeshapita njia nyingine, na tairi bado ni lile lile linaloozea ndani.

2. "Kamba inatosha, ndiyo raha ya tyubulesi"

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Fundi anamwagia maji ya sabuni, povu linamwonyesha palipotoboka. Anang'oa msumari kwa koleo. Anachukua chuma chenye mpini wa herufi T na ncha yenye meno ya tupa, anakizamisha kwenye tundu, anakisokota na kukivuta juu chini, mara kumi, mara kumi na tano, hadi jasho linamtoka. Kwa maneno mengine, mgonjwa ameletwa na tundu dogo, na tiba imeanza kwa kulipanua, huku meno ya tupa yakikwangua nyaya ambazo fundi hazioni. Kisha anaingiza kamba ya mpira iliyopakwa gundi kwenye tundu la sindano, anaisukuma, anaichomoa sindano kwa mtikiso mmoja, mikia miwili inabaki nje. Wembe unaikata. Halafu inakuja ile hatua ya kitaalamu kupita zote: analamba kidole, anapaka mate juu ya kamba, anainama kutazama. Mate yasipotoa povu, tairi limetangazwa zima.

Chombo hicho cha herufi T kina heshima yake, nami nitaitaja mwishoni. Kuita matokeo yake matengenezo ndiko kunakochekesha. Kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS AU 159 na miongozo ya wenye viwanda vya matairi wa Marekani vinakubaliana kwenye mambo ya msingi, nayo hayahitaji shahada kuyaelewa. Tairi litolewe kwenye rimu na likaguliwe ndani. Tundu la msumari lisizidi milimita 6 na liwe eneo la kati la kashata, wala lisikaribie bega. Njia ya msumari ijazwe mpira, na utando wa ndani ubandikwe kiraka. Vyote viwili. Kamba peke yake inajaza njia lakini utando unabaki wazi. Kiraka peke yake kinafunga utando lakini kinaacha njia ya maji kuelekea kwenye nyaya. Kuna kiraka chenye mkia, umbo la uyoga, kinachofanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na mafundi wanaojiheshimu wanacho. Kinadoda kwenye boksi kwa sababu mteja hataki kungoja. Mtu huyo huyo atakaa dakika arobaini akisubiri chipsi kuku, lakini dakika ishirini za kulitoa tairi kwenye rimu ni kupotezewa muda.

Hapa pana jambo ambalo sijapata kulielewa. Hao wanaosema mate yamethibitisha ndio hao hao wanaonong'ona kwamba mafundi wa pancha humwaga misumari barabarani usiku ili wapate wateja asubuhi. Ukweli wa tuhuma hiyo mimi siujui. Ila mtu unayemdhania kuwa amekutegea msumari, unawezaje kuikabidhi roho yako kwa kidole chake kilicholowa?

3. "Baba zetu waliziba maisha yao yote"

Ni kweli, waliziba. Waliziba nini?

Matairi ya enzi zile, ya Land Rover, ya Bedford, ya Peugeot za safari ndefu, yalikuwa na tyubu ndani. Upepo ulikaa kwenye tyubu. Msumari ukichoma, fundi hakuwa na njia ya mkato: alilitoa tairi, akaivuta tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji kutafuta mapovu, akabandika kiraka. Kabla ya kuirudisha tyubu, alipitisha mkono ndani ya tairi pande zote, akipapasa, kwa sababu msumari ukibaki humo tyubu ingetoboka tena kabla hajalipwa. Yaani kila pancha iliyozibwa na mzee yule ilikuwa pia ukaguzi wa tairi. Hakuufanya kwa wema. Teknolojia ya wakati wake haikumpa ruhusa ya kuukwepa. Na kiraka chake kikishika, tyubu ilikuwa imepona kweli.

Tyubulesi ikaja na kuondoa ulazima wa kufungua. Tukashangilia. Tulichokirithi kwa wazee ni usemi wao, kwamba pancha si kitu; utaratibu uliofanya usemi huo uwe salama tumeuzika nao. Mzee alipapasa ndani. Sisi tunapaka mate nje, kisha tunamtaja mzee kama shahidi.

Na kama ni historia wanayoitaka, wangetaja iliyo na uzito zaidi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza kuzalisha mapema miaka ya 1970, na kikasimama kabla muongo wa kwanza wa karne hii haujaisha. Kile cha Nairobi kilichozaliwa kwa jina la Firestone na baadaye kuwa cha Sameer kilifunga uzalishaji mwaka 2016. Leo tairi jipya linashuka bandarini na bei yake inafuata dola. Hiyo ni hoja halali ya kulia kuhusu bei. Haibadilishi chochote kuhusu nyuzi zilizosagika.

4. "Kamba ikikataa, weka tyubu, ubavu ukitoboka, shona"

Hii nitaipitia haraka. Tyubu ndani ya tairi la tyubulesi inasuguana na utando ambao haukutengenezwa kusuguliwa, joto linapanda, na kile kilichokuwa hasara ya upepo ya pole pole kinageuzwa kuwa ya ghafla: tyubu ikipasuka upepo wote unatoka mara moja kupitia tundu la valvu kwenye rimu. Umelipa ili kuongeza hatari.

Ama ubavu, uko nje kabisa ya eneo ambalo miongozo ile inaruhusu lizibwe pancha. Ubavu ndio sehemu inayonesa kila mzunguko, hauna mikanda ya chuma ya kuusaidia, na nyuzi zake zikikatika hakuna gundi inayoziunga. Nimeona ubavu ulioshonwa kwa uzi mnene wa viatu, mishono imepangwa vizuri kabisa, kazi ya mtu mwenye mkono. Ungekuwa mkoba ningeununua.

5. "Likishindikana kabisa, mitumba ipo"

Hapa ndipo ubahili unapojikaanga kwa mafuta yake. Mtu aliyekataa tairi jipya kwa sababu ya bei anakwenda kulipa pesa taslimu kwa tairi ambalo Mjapani alilichoka. Japani, ukibadilisha matairi, kawaida unalipa ada ili ya zamani yaondolewe. Mmoja amelipa ili tairi limtoke, mwingine analipa ili limfikie, na huyu wa pili ndiye anayejigamba kwamba amepata bei nzuri.

Anachokagua ni kashata. Anaingiza ukucha, anaona zimo, anaridhika. Angeinama kidogo angesoma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tarakimu hizo si lazima ziwe pande zote mbili, kwa hiyo usishangae tairi likifungwa na upande wenye tarehe ukaangalia chini ya gari. Angeendelea kusoma huenda angekuta neno STUDLESS, yaani tairi lililotengenezwa kwa theluji na barafu ya Hokkaido, mpira wake laini, likiwa sasa linakanyaga lami ya Kibaha mwezi wa Februari. Ndiyo maana kashata zimo. Lilitumika miezi ya baridi tu, kisha likakaa stoo miaka na miaka. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala.

Waingereza walilipia somo hili. Septemba 2012 basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki la Bestival, katika Kisiwa cha Wight, lilipasuka tairi la mbele na kutoka barabarani huko Surrey. Watu watatu walikufa. Tairi lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, na sheria ya wakati huo haikuwa na cha kulishtaki kwa umri wake. Mmoja wa waliokufa alikuwa na miaka 18, tairi lilimzidi. Mama yake alipiga kelele kwa miaka hadi Februari 2021, ilipopigwa marufuku kufunga matairi yenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu ya mabasi madogo yanayosimama moja moja. Sisi umri huo huo tunauita "bado zima".

6. "Mimi sizibi, nanunua jipya"

Msinielewe vibaya, sijaja kuwatetea wauza matairi. Upo upande wa pili wa ujinga huu, nao unavaa suti. Ni yule ambaye msumari mdogo, katikati ya kashata, tairi la mwaka mmoja, halikusogezwa hata mita moja, anaagiza tairi jipya kwa simu kabla hajatoka ofisini. Naye hajachungulia ndani. Amefikia jibu tofauti kwa uvivu ule ule.

Gharama yake imejificha zaidi. Chukua Subaru Forester, gari ambalo limejaa Nairobi na Dar, linalosukuma magurudumu yote manne muda wote. Subaru wenyewe wanaelekeza kwamba mzingo wa matairi hayo usipishane kwa zaidi ya robo inchi, takriban milimita 6. Tairi jipya lina kashata za milimita 8 hivi. Matatu yaliyobaki tuseme yamefika milimita 3. Tofauti ya milimita 5 kwenye nusu kipenyo inaleta tofauti ya milimita 31 kwenye mzingo. Kila mzunguko magurudumu yanabishana, na mbishano unamalizwa ndani ya gia boksi na difu, kwa joto. Baada ya muda bwana huyu atauziwa gia boksi ya mtumba, na hatakumbuka msumari.

Akinunua mawili, atayafunga mbele, kwa sababu "mbele ndiko kuna usukani". Kampuni za matairi zenyewe, Michelin wakiwemo, zinashauri mapya yaende nyuma. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kuteleza kwenye mvua: mbele ikiteleza unaachia mafuta, gari linapunguza mwendo na kurudi njiani, nyuma ikiteleza gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wala ujuzi wa kulirudisha. Yaani jamaa amelipa bei ya matairi mapya mawili ili sehemu ya gari isiyosahihishika ibaki na vipara.

7. "Ajali haina kinga"

Wakishindwa kote, wanakimbilia hapa. Sehemu nyingi za gari zinaweza kukuua bila kukuarifu. Tairi lenye msumari si mojawapo. Limekuarifu, limekusimamisha, limekuweka mbele ya fundi mwenye vifaa vya kulifungua. Ni nafasi ambayo vinginevyo ungelazimika kuilipia. Wewe ukaitumia kuongea na simu.

Ila nikiwa mkweli, lawama kubwa haimwendei fundi, wala mwenye gari peke yake. Iko kwenye malipo. Fundi wa pancha analipwa kwa kuziba. Akilitoa tairi, akalipapasa, akakwambia "hili limekufa, mzee, siwezi kulirudisha barabarani", hapati kitu, na ametumia nusu saa. Wewe unasonya, unavuka barabara kwa mwenzake ambaye hakatai kazi. Jioni huyu wa pili ana pesa ya unga na yule mkweli hana. Kila mteja wa ziba-twende anapiga kura hiyo, kisha analalamika kwamba mji hauna mafundi waaminifu. Ukitaka jibu la kweli, mwambie kabla hajashika spana: toa tairi, kagua, nitakulipa bei ya kuziba hata ukisema halizibiki. Wengi wao hawajawahi kusikia sentensi hiyo, na utaona anavyobadilika uso na kuita mwenzake alete taa.

8. "Usiku, porini, utafanyaje?"

Hii ndiyo hoja pekee inayonipa shida. Uko kwenye barabara inayokata Hifadhi ya Mikumi, giza limeingia, tembo wana njia zao, na gari lina mama mjamzito. Hapo sikuletei BS AU 159. Chomeka kamba. Hiyo ndiyo kazi halali ya kile chuma cha herufi T: kukutoa ulipo hadi penye fundi, kwa mwendo wa pole. Au funga spea, ukikumbuka kwamba ile nyembamba iliyokuja na gari imeandikwa kilomita 80 kwa saa, na kwamba kama hujawahi kuigusa, umri wake ni wa gari.

Lakini tuulizane kinachofuata asubuhi. Kamba ya dharura ikifika Morogoro, dharura inasahaulika. Kesho atapita kwa fundi. Kesho kutwa kuna kikao. Spea nyembamba inakaa kwenye ekseli hadi mwisho wa mwezi, halafu hadi mwisho wa mwezi mwingine. Tairi lililosogea kidogo tu, lenye kamba moja na chenga tumboni, linavuka masika, linavuka kiangazi, na siku gari linapowekwa sokoni tangazo linasema: AC inapiga, haina tatizo la injini, matairi mazima. Mnunuzi anakuja Jumamosi na shemeji yake anayejua magari. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanakagua rangi kama imerudiwa. Shemeji anazunguka nyuma, analipiga tairi teke moja kwa ncha ya kiatu, anatikisa kichwa kukubali. Desemba gari hilo linakwenda Moshi na familia nzima. Kwa sasa mnunuzi anataka kujua jambo moja tu, kama bei ina maongezi.